Saa Ndani ya Soksi

Rudisha mlango kwanza, halafu sogea karibu. Weka mkono kifuani uape kwamba haya nitakayokwambia utazikwa nayo. Apa vizuri, siyo kwa kunung'unika. Sisi wote tuliokuwepo uani siku ile tuliapishwa, na mimi ndiye niliyeapa kwa sauti kubwa kuliko wote. Nimekaa na siri hii siku tatu, mwanangu. Ya kwanza nilikosa hamu ya kula, ya pili nilikosa usingizi, na leo naona nikinyamaza mpaka jioni nitapasuka. Basi sikiliza.

Unamjua Fundi Saa, yule mwenye duka jembamba kama kabati, ambaye hata salamu anaitikia huku kioo kimoja kimembana jichoni. Na mkewe unamjua, Msusi, anayesukia watu nywele barazani kwake. Mimi ukuta wangu na wao ni mmoja, na ukuta wenyewe wa matofali ya kubahatisha, kwa hiyo usiniulize nimeyajuaje.

Msusi alikuwa na mimba ya miezi minane. Mbili za mwanzo zilitoka kabla hata tumbo halijaonekana, na hii ya tatu aliibeba kama mtu anayebeba bakuli la mafuta mpaka ukingoni. Hainami, hacheki kwa nguvu, hapiti penye utelezi. Aliyemfikisha pale ni Mkunga, Mungu amrehemu, mama mmoja mnene, mkali, mwenye viganja vya moto. Kila wiki alikuja, akamlaza Msusi kitandani, akaweka kile kibomba chake cha mti tumboni, sikio juu yake, na jicho kwenye saa yake ya kifuani. Saa yenyewe ya fedha, inaning'inia kichwa chini kwa pini na mkufu, ili yeye mvaaji aisome akiinamisha shingo. Alikuwa akihesabu kwa sauti ya kunong'ona, moja, mbili, tatu, mpaka dakika iishe. Halafu anasema, "Mia na arobaini. Huyu mtu mzima huyu. Tosha." Hilo neno "tosha" alilisema kila mara, kwa kila tumbo, na sisi tulidhani ni mazoea tu ya mtu mzee.

Watu walisema hakuhesabu yeye. Walisema ana jini la ukoo, la bibi yake na mama yake bibi, linalokaa kwenye saa, na kazi yake ni hiyo moja ya kuhesabu mapigo. Mimi sikusema. Mimi nilisikiliza tu.

Kioo cha saa kikapata ufa. Mkunga akampelekea Fundi, naye akaifungia karatasi yenye jina kwa uzi, kama wafanyavyo mafundi wote ili saa zisichanganyike. Siku ya nne Mkunga akaanguka bafuni, akafa. Hata wiki haijaisha, binti yake akafika dukani.

"Shikamoo, Fundi. Nimefuata saa ya mama."

"Marahaba. Saa gani?"

"Ile ya kifuani. Aliniambia ameileta kwako."

Fundi akavuta droo, akapekua, akafungua kitabu, akakifunga. "Binti, mama yako sijamwona hapa tangu mwaka jana. Pole sana na msiba."

Na wakati huo karatasi yenye jina alikwishaikata na kuichoma kwa kiberiti, na saa ilikuwa chini ya goti lake, ndani ya kopo la skrubu. Kwa nini aliichukua? Alikuwa ameifungua mgongo akaona mashine yake. Alisema mwenyewe baadaye kwamba katika maisha yake yote hajawahi kuona mashine nzuri kama ile, na kwamba marehemu haangalii saa. Hivyo tu. Hakuwa na njaa wala dhiki. Aliipenda.

Sasa tuje kwenye paka.

Panya walikuwa wakitafuna nywele za bandia za Msusi, na wifi yake akamletea kitoto cha paka, cha kike, kidogo kama ngumi, kina madoa ya kahawia. Mchana kilikuwa burudani. Kinakimbiza uzi, kinapigana na kandambili, kinalala ndani ya kikapu cha vitana. Lakini usiku! Kilitoka kwa mama yake siku hiyo hiyo, na giza lilipoingia kikaanza kulia kama mlango usiotiwa mafuta. Msusi alijaribu kila alichoambiwa. Alikichezesha jioni mpaka kikachoka. Alikilisha kidogo kabla ya kulala. Alikitafutia katoni ya viatu, akatandika sweta lake kuukuu ili kisikie harufu ya mtu, akaweka chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Kililala nusu saa, kikaamka, kikalia mpaka alfajiri. Na kila kilipolia, mtoto tumboni naye aliamka akapiga mateke. Siku tatu Msusi hakufumba jicho.

"Mume wangu, kitanimaliza hiki," alisema. Nilimsikia.

"Kinataka moyo wa mama yake," Fundi akajibu. "Kimezoea kulala juu ya kitu kinachogonga. Kiwekee saa kwenye nguo, kitadhani ni mama."

Jambo hili ni kweli, hata mimi nimeshalifanya kwa watoto wa paka. Saa yoyote ya mezani ingetosha, na mle ndani zilikuwa kumi na moja ukutani. Lakini Fundi alitaka saa ya mlio mzito na laini, na anayo moja tu ya namna hiyo, na vidole vyake vilikuwa vinawasha kuitia ufunguo tangu siku ile. Akaileta nyumbani usiku. Ili mkewe asiitambue akaitia ndani ya soksi nene, akaishona mdomo kwa uzi wa kushonea viatu.

"Saa ya nani hii?" Msusi akauliza.

"Mbovu tu, ya mteja aliyehama. Usiifumue, kitakwaruzwa na mkufu."

Wakaiweka chini ya sweta. Kitoto cha paka kikanusa, kikazunguka mara mbili, kikalala juu yake. Kikalala pale pale, kama taa iliyozimwa. Msusi akacheka kwa furaha, akamwambia mumewe wewe ni fundi kweli. Kisha akashika tumbo. Mtoto naye alikuwa ametulia, mara ile ile, katikati ya teke.

Alilala usingizi mtamu. Asubuhi aliniambia ukutani, "Jirani, leo nimelala kama tajiri." Nikamwambia kula usingizi, mwanangu, ukizaa hutauona tena.

Usiku wa pili aliamka kwa harufu. Sabuni ya dawa, ile nyekundu, na mafuta ya kuchua yaliyopashwa moto. Alidhani anaota, maana harufu hiyo ni ya viganja vya Mkunga. Chumba kilikuwa kimya, Fundi anakoroma upande wa ukuta, na kutoka kwenye katoni kulikuwa na mlio wa saa, na juu ya mlio kulikuwa na mtu ananong'ona. Msusi hakuthubutu kugeuza shingo. Akasikiliza. Mtu huyo alikuwa akihesabu. Mia na ishirini na tisa, mia na thelathini, mia na thelathini na moja, mia na thelathini na mbili. Kimya. Hapakuwa na "tosha". Kukawa kama mtu anangoja aambiwe jambo, anangoja sana, mpaka harufu ikapungua yenyewe.

Usiku wa tatu iliishia mia na kumi na nane.

Msusi si mjinga. Alihesabiwa tumbo lile kila wiki kwa miezi mitano, na tarakimu ile anaijua kuliko jina lake. Asubuhi aliweka kiganja ubavuni, akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. Mtoto alijisogeza kidogo tu, kivivu, kama mtu anayeamshwa mapema akarudi kulala. Na kitoto cha paka hakikuamka mpaka saa nne za mchana, wala hakikukimbiza uzi.

"Mume wangu, kuna mtu anakuja usiku kunihesabu."

Kijiko kilimponyoka Fundi. "Mimba hizo. Wanawake mkikaribia kuzaa mnasikia mengi."

"Ananuka kama Mkunga."

"Nimekwambia ni mimba!"

Hakupandisha sauti hivyo tangu amwoe. Fundi alipokwenda bafuni, Msusi alichukua mkasi wake wa kukatia nyuzi, akainua sweta, akaishika soksi. Ilikuwa nyepesi. Akafumua mdomo, akaingiza mkono mpaka kwenye kidole. Soksi ilikuwa tupu, maana Fundi alikwishaitoa saa alfajiri akarudisha mshono, lakini mwanangu, soksi hiyo tupu mkononi mwake ilikuwa inagonga. Tik, tik, tik, kwenye kiganja, kama kifua cha ndege uliyemkamata.

Aliitupa. Alipiga kelele mpaka mimi nikaiacha sufuria yangu ikaungua.

Sasa usidhani Fundi hakuogopa. Alikuwa ameitoa saa ili akaitupe, na aliitupa, chooni, kwenye shimo, akaisikia ikidumbukia. Usiku ule kitoto cha paka kikapanda kwenye katoni yake, kikazunguka mara mbili, kikalala fofofo. Fundi akainua sweta. Saa ilikuwa pale, kavu, inang'aa, mkufu wake umekunjwa vizuri kama wakunjavyo wanawake, na ilikuwa inatembea ingawa hakuna aliyeitia ufunguo. Akaificha dukani, ikarudi. Akaitoa mashine yote, akatandaza magurudumu yake kwenye kitambaa meza nzima, ganda tupu akalifungia kabatini. Likagonga ndani ya kabati usiku kucha, na mke wake kitandani amejikunja, mikono miwili tumboni, anasikia mtu asiyeonekana anakaa ukingoni mwa godoro, godoro linabonyea kwa uzito wa mama mnene, pumzi zenye mafuta ya kuchua zinamwangukia kwenye kitovu, na hesabu inapanda polepole, inapanda kama mtu mzee anayepanda ngazi, inafika themanini na saba, inasimama, inangoja neno ambalo hakuna wa kulisema, huku kitoto cha paka kimelala chali ndani ya katoni, miguu imenyooka, na huwezi kujua kama kinapumua mpaka umetia kidole puani.

Siku mbili baadaye Binti wa Mkunga alikuja kusukwa. Mimi nilikuwepo, nilikwenda kuomba kiberiti nikakaa.

"Shoga, mbona umekwisha hivi?" akamwuliza Msusi.

Msusi akaangua kilio na kitana mkononi, akamweleza yote. Yule binti nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, akageuka taratibu.

"Inaishia ngapi?"

"Jana sabini na moja."

"Saa ya mama iko humu ndani," akasema. "Mwenye kuhesabu ni la ukoo wetu. Si baya. Lina kazi moja tu, na halijui kusimama mpaka mwenye saa aliambie. Mama alisema tosha, likaridhika, likaenda. Sasa halina mwenyewe. Kila likihesabu bila kuambiwa tosha linabaki na kiu, na linachukua kidogo. Mimi ndiye mrithi, lakini siwezi kuliambia kitu wakati saa haipo mkononi mwangu."

"Basi tukaitafute, tukupe!" nikadakia.

"Hapana, bibi. Aliyeichukua ndiye aitoe, kwa mkono wake na kwa mdomo wake. Aseme hii ni ya mama yako. Vinginevyo itarudi tu kwenye katoni."

Maneno hayo matano, mwanangu. Hii ni ya mama yako. Mimi ningeyasema na mdomo umejaa chakula.

Jioni hiyo Msusi alipiga magoti mbele ya mumewe, na tumbo lile, akashika miguu yake. "Kama unayo, mpe. Sitakuuliza kitu. Sitamwambia mtu."

Akamjibu akiwa amesimama, anaangalia zile kumi na moja ukutani. "Unajua fundi anakula kwa kitu gani? Watu wananiachia vitu vya baba zao. Siku moja wakisema fundi yule ana mkono mrefu, nimekwisha, nyumba hii imekwisha. Sinayo."

Usiku ule ilifika sitini.

Asubuhi wifi ndiye aliyemleta Mganga. Mzee wa watu sikio moja limekufa na la pili linaumwa, hivyo lazima umwambie kila jambo mara mbili, na alipofika la kwanza aliuliza kama kuna chai. Tulicheka kidogo. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka siku ile. Alipapasa ukuta wa chumba kwa vidole, kwa kuwa masikio hayamsaidii, akapapasa kitanda, akapapasa katoni, akautoa mkono haraka kama aliyegusa jiko.

"Saa zote nje," akasema. "Zote. Na watu wote."

Tukatoka uani, majirani ishirini na ushee, jua la saa sita, hakuna kivuli. Saa zikatandazwa kwenye mkeka, zile kumi na moja na nyingine za dukani. Msusi alikalishwa kwenye godoro, rangi imemtoka. Binti wa Mkunga akasimama kando yake, kiganja wazi. Mganga akazipitia saa moja moja, akazinyamazisha, ya mwisho ikanyamaza. Kukawa kimya kabisa. Na ndani ya kimya hicho tukasikia tik, tik, tik.

Watu walianza kurudi nyuma.

"Iko miongoni mwetu," Mganga akasema. "Aliye nayo amkabidhi binti huyu, aseme ni ya nani, huyu atasema tosha, na mimi nitakunywa chai yangu niende. Sitamlaani mtu."

Hakuna aliyejongea. Fundi alikuwa amesimama katikati ya wanaume, amevaa koti. Koti, mwanangu, jua la saa sita! Jasho linamtiririka mpaka kwenye ndevu.

"Kaka," wifi akamwambia, "mbona umevaa koti?"

"Nina homa."

"Fundi," nikasema mimi, sikuweza kujizuia, "homa inagonga?"

Akageuka akanitazama kwa chuki ambayo sijaiona kwa mtu. Kisha akatembea mpaka mbele, akanyoosha mkono juu ya tumbo la mkewe, mbele yetu sote.

"Kama nimewahi kuishika saa ya Mkunga," akasema, "mtoto huyu asizaliwe hai."

Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Yarabi." Msusi alimtazama tu, kama mtu anayemwona mgeni amekaa kwenye kiti cha mumewe.

Hapo ndipo kitoto cha paka kilipotoka. Kilikuwa hakijaamka siku mbili. Kilitoka kizingitini kinayumba, macho yamefumba, hakitazami kulia wala kushoto, kikapita katikati ya miguu ya watu, kikafika kwa Fundi, kikaanza kumpanda. Suruali, mkanda, kifua. Akakisukuma kwa mkono mmoja, kikang'ang'ania kwa kucha. Mkono wa pili haukuja kusaidia, ulikuwa umezama ndani ya koti, umekaza kitu. Kitoto kikafika pale kwenye mkono, juu ya ubavu wa kushoto, kikazunguka mara mbili, ukiona mtu amesimama wima na paka anazunguka juu yake kama yuko kitandani hutasahau, kikalala. Kikalala usingizi mzito, kinaning'inia kwa kucha. Na chini yake, kutoka ndani ya koti, sauti ya mwanamke mtu mzima ikaanza kuhesabu, na safari hii tuliisikia sote.

"Moja. Mbili. Tatu."

"Toa mkono," Mganga akasema.

Wanaume wawili wakamshika, wakauvuta. Koti likapasuka mshono. Mkono ukatoka umefumbata, mkufu wa fedha unaning'inia katikati ya vidole, na pini yake imemchoma kiganjani, damu inadondoka kwenye kiatu. Kila mtu uani aliijua saa ile. Nusu yetu ilituhesabu tukiwa tumboni.

"Kumi. Kumi na moja."

Binti wa Mkunga alisogea, kiganja chake kikagusana na ngumi ya Fundi. "Sema ni ya mama, kaka. Sema tu. Nami niliambie tosha. Sitaki kingine."

"Kumi na tano. Kumi na sita."

"Baba mtoto," Msusi akasema polepole kutoka kwenye godoro, "mtoto hachezi."

Fundi alitazama ngumi yake. Akatutazama sisi, uso mmoja baada ya mwingine, wateja wake wote. Damu inadondoka, paka amelala kifuani, mkufu uko hadharani kwenye jua, na watu ishirini wanamwangalia mdomo.

"Saa hizi," akasema, "zinafanana."

"Ishirini na tatu," ikasema sauti, ikanyamaza.